Vijiti vya Ukuta wa Kibla

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa, ambao kuku walilala juu ya mapaa na watu wazima wakavuka barabara viatu mkononi. Hapana, nimekosea. Mwaka wa mvua ndio uliotangulia. Huu ninaousema ni ule uliofuata, mwaka mkavu, ambao hata majani ya uani yaligeuka rangi ya mkeka uliochakaa. Na ni vizuri kujisahihisha mapema, maana habari yote imekaa hapo. Ukuta ukilowa mwaka wa mvua, nani atauliza? Huu ulilowa katikati ya ukame.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima, mwembamba, wa kupiga plasta kuta za zamani. Chokaa ilikuwa imembabua mikono tangu ujana, na kucha zake zilikuwa na weupe ambao haukutoka hata siku alipooa. Kazi yake haikuwa kujenga. Wajenzi ni wengi. Yeye alikuwa anatibu nyumba kongwe za ibada zilizoingiwa na unyevu kutoka chini, misikiti na makanisa bila kubagua, maana, alisema, maji yanayopanda ukutani hayamuulizi mtu dini yake. Mtaani walimwita Daktari wa Kuta, na si kwa heshima. Akipita na ndoo yake mbele ya mafundi cherehani, mmoja wao, mnene, mwenye utepe wa kupimia shingoni mchana kutwa, hakukosa neno.

"Daktari! Mgonjwa ameamkaje leo?"

"Ameamka na jasho."

"Si umpe dawa alale!"

"Akilala huyo, ujue ametuangukia wote."

Wanacheka, naye anacheka, anapita. Alikuwa mtu wa kuchekwa bila kununa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa ukuta wa kibla wa msikiti mdogo wa mtaa, msikiti uliobanwa kati ya vibanda vya cherehani na mashine ya kusaga nafaka. Ulikuwa wa zamani sana, hakuna aliyemjua mjenzi wake. Ukuta huo wa mbele ulikuwa mnene wa mawe, udongo na chokaa, na mihrabu yake ilizungushiwa nakshi za majani na kamba zilizosukwa, zote za plasta, zilizochongwa na mtu aliyekufa bila kuacha jina. Fundi alijifunza kazi kwa kuzitazama nakshi hizo. Alipokuwa mtoto, akikaa katikati ya baba yake na kaka yake, hotuba iliingia sikio hili ikatokea lile, maana macho yake yalikuwa yakizifuata kamba zile zilivyopishana, akitafuta zinapoanzia. Hakuwahi kupaona.

Sasa sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa na doa jeusi lililopanda mpaka usawa wa kiuno. Rangi ilivimba kama malengelenge ya mtu aliyeungua, na chumvi nyeupe ikatoka mle ndani, laini kama unga, ikawa inaanguka kwenye mkeka wa safu ya kwanza. Wazee wanaosali mbele waliinuka na weupe kwenye paji la uso. Yule mshonaji mnene aliwauliza mlangoni, "Mmetoka kusujudu nyinyi, au mmetoka mashineni?"

Mwenyekiti wa kamati ya msikiti alikuwa muuza magodoro, mtu mkubwa, mpole wa sura, ambaye kila alipokaa alionekana kama amekalia bidhaa yake. Yeye alitaka ukuta ubomolewe, ujengwe mpya wa matofali na vigae vinavyong'aa. Fundi akaomba apewe nafasi.

"Nipeni mpaka mvua zijazo zianze," alisema kikaoni. "Ukikauka, muuache. Usipokauka, bomoeni, na mimi mwiko wangu nauweka chini. Sitagusa tena ukuta wa mtu."

"Wewe unaapa?" akauliza mwenyekiti.

"Siapi. Nasema tu."

Na kwa mtu kama yeye, kusema kulikuwa kuzito kuliko kuapa. Wakamkubalia.

Msikiti ule ulikuwa na mtunzaji, na mtunzaji huyo alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Kaka ndiye aliyefagia, akatandika mikeka, akafunga madirisha, akasugua hodhi ya maji ya udhu na kuijaza. Mke wake alikuwa amefariki, mtoto hakujaliwa, na alikaa katika chumba kimoja kilichoegemea msikiti, chenye kitanda, sanduku na msumari wa kutundikia kanzu. Chumba hicho ndicho kilichokuwa mshahara wake na heshima yake. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda. Mgongo huo fundi aliujua vizuri, maana ndio uliombeba utotoni kuvuka kijito walipokuwa wakienda shule, kaka akiwa na viatu vya wote wawili vikining'inia shingoni. Fundi hakwenda mbali kimasomo, lakini alipokwenda, alikwenda juu ya mgongo ule.

Siku aliyoanza kazi, alimwita kaka yake mbele ya ukuta, akamweleza.

"Kaka, ukuta huu unakunywa. Unajua utambi wa taa? Huku chini uko kwenye mafuta, huku juu unawaka. Basi ukuta nao una vitundu vidogo huwezi kuviona. Chini kuna maji, yenyewe yanapanda, yanapanda, yakifika hapa juu yanakauka, yanaacha chumvi. Sasa ukipaka rangi ya mafuta juu yake, umeuziba pumzi. Maji hayana pa kutokea, yanazidi kupanda."

Kaka akautazama ukuta kwa muda mrefu, ufagio mkononi.

"Kwa hiyo wewe unatafuta maji yanakotoka."

"Ndiyo hivyo."

"Ya ardhini hayo," akasema kaka. "Ardhi ya hapa ina maji."

"Huenda. Tutaona. Na ya hodhi je? Unayamwaga wapi ukiisugua?"

Hodhi ilikuwa pembeni, kwenye baraza, imeegemea ncha ya ukuta ule ule. Kila wiki lazima imwagwe, maana maji hujaa sabuni na vumbi.

"Barabarani," akasema kaka. "Nayachota kwa ndoo, namwaga mtaroni. Siku zote."

Fundi akaitikia kwa kichwa na hakuuliza tena. Ni hapo alipokosea, kama mnataka kujua. Aliukagua mtaro wa mapaa, aliukagua udongo wa nje, alikagua mpaka bomba la jirani wa mashine. Neno la kaka yake hakulikagua. Kukagua neno la kaka mkubwa ni kama kumpekua mifukoni, na yeye hakulelewa hivyo.

Kazi ikaanza. Alikwangua rangi yote ya mafuta, na simenti ambayo mtu fulani aliwahi kuibandika chini ili kuficha doa. Nje, udongo ulikuwa umejazana mwaka hadi mwaka mpaka ukapanda juu ya usawa wa sakafu. Akauondoa, akachimba mtaro mrefu kando ya msingi, akaujaza kokoto ili maji yapite bila kukaa. Ndani akapaka plasta nyembamba ya chokaa tupu, siyo ya kudumu, ya kunyonya chumvi tu, ikishajaa anaikwangua na kupaka nyingine, kama mtu anayebadilisha bandeji. Mkewe alisema kwamba kama yeye angewahi kuuguzwa na mumewe hivyo, angekuwa anaugua kila mwezi kwa makusudi.

Halafu vijiti. Hii ndiyo iliyokuwa namna yake ya kupima, aliyorithi kwa fundi mmoja mzee aliyemfundisha. Alitoboa ukuta matundu membamba, usawa wa goti, wa kiuno na wa kifua, akaingiza vijiti vya mti mwepesi vilivyokatwa kutoka ubao mmoja. Kijiti kikikaa ndani ya ukuta, kinakunywa unachokunywa ukuta. Ukikitoa na kukipima, ukuta umekwambia ukweli wake. Mizani yake ilikuwa ndogo, ya sonara aliyeacha kazi baada ya macho kumwishia, na mawe ya kupimia yalikuwa yamepotea, kwa hiyo fundi alitumia punje za mchele. Mkewe alinung'unika kwamba katika nyumba yake hata mchele umeajiriwa.

Kila Ijumaa watu wakishatawanyika, ndugu wawili hao walipiga magoti mbele ya mihrabu. Fundi alichomoa kijiti, akakiweka upande mmoja wa mizani, akaweka punje upande wa pili. Kaka alishika tochi na kuinama kusoma, maana macho yake yalikuwa mazuri kuliko ya mdogo wake.

"Kimeongezeka," kaka alisema.

Ijumaa nyingine, "Kiko pale pale."

Nyingine tena, "Kimeongezeka, mdogo wangu. Pole."

Na sheikh, imamu wao, mtu wa roho nzuri na sauti ya chini, alikuwa ameuingiza ukuta katika dua yake ya kila Ijumaa. Baada ya wagonjwa na wasafiri na yatima, alisema, "Na ukuta wa nyumba yako, ewe Mola, ukaushe, utubakishie." Watu wakaitikia amina. Wengine waliitikia kwa tabasamu, maana kuombea ukuta ni jambo la kuchekesha kidogo. Lakini kulikuwa na sauti moja kutoka safu ya nyuma, karibu na mlango, iliyowazidi wote, amina ndefu, nzito, iliyobaki hewani wengine wakiwa wameshanyamaza. Ilikuwa ya kaka. Fundi akiisikia, moyo ulimjaa. Alijiambia, watu wote wakinicheka, huyu mmoja yuko nyuma yangu.

Kiangazi kikazidi. Visima vya mtaa vikashuka. Mtaro wa kokoto ukawa mkavu mpaka mijusi ikahamia humo na familia zao. Na vijiti bado vilitoka vizito, laini, vyenye harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye beseni. Fundi akaacha kula vizuri. Alianza kujishuku mwenyewe, akasema pengine matundu ameyatoboa vibaya, pengine mti si wake, pengine yule mwalimu wake mzee alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa alipomwambia ana mkono wa kazi. Mshonaji mnene akaacha hata kumtania. Alimwona anapita, akashusha macho kwenye cherehani, na hilo lilimuuma fundi kuliko utani wote.

Siku moja, mvua zikiwa zinanusika, alikwenda msikitini asubuhi ya katikati ya wiki. Haikuwa siku yake. Alikuwa amesahau mwiko mdogo. Saa hizo msikiti hauna mtu. Waliosali alfajiri wako makazini, wa adhuhuri bado. Alivua viatu, akaingia, akauchukua mwiko wake kwenye dirisha. Ndipo aliposikia sauti. Ilitoka chini ya sakafu, chini ya ukuta wenyewe, sauti kama ya mtu anayesukutua koo taratibu bila haraka.

Akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatetemeka kidogo sana, kama shingo ya ng'ombe anapokunywa.

Akatoka barazani. Kaka yake alikuwa amekaa kwenye ukingo wa hodhi, suruali ameikunja, miguu ndani, anavuma kaswida puani. Ndoo ilikuwa imepinduliwa kifudifudi, kavu. Mkononi alikuwa na kizibo kikubwa cha matambara kinachochuruzika. Na maji ya hodhi yalikuwa yanashuka yenyewe, yanazunguka kwenye kona, yanaingia tunduni, upande wa ukuta.

Maji yakaisha kabisa, tundu likatoa mlio wa mwisho.

"Tangu lini?" fundi akauliza.

"Kaa kwanza."

"Tangu lini, kaka?"

"Tangu mgongo uliponiacha," akasema kaka. Alikuwa hamtazami. "Nilikuwa nasugua, nikaliona jiwe kwenye kona. Nikalitoa. Kumbe ni njia ya zamani, waliyoiziba wa zamani. Maji yakaenda yenyewe. Nikasema, alhamdulillahi, Mungu ameuona mgongo wangu."

"Na hukujua yanakwenda wapi."

"Mwanzo sikujua."

"Na ulipojua?"

Kaka alikamua kizibo, akakikamua tena ingawa hakikuwa na maji.

"Siku ile uliponiambia habari ya utambi," akasema.

Fundi akakaa chini, kwenye sakafu ya baraza, mwiko mapajani. Siku ya utambi ilikuwa siku ya kwanza kabisa.

"Si ungeniambia tu, kaka. Tungeziba kwa asubuhi moja. Maji ningekuja kukuchotea mimi."

"Na kamati? Wangeuliza kwa nini mdogo wake anamchotea. Wangesema mzee hawezi tena. Wangeleta mtu mwenye mgongo. Na mtu mwenye mgongo atataka na chumba."

"Kwangu si kuna chumba?"

"Kwako kuna mke wako," akasema kaka, na kwa dakika ile wote wawili karibu wacheke.

Kisha kaka akamshika mkono, mkono wake ukiwa bado na maji baridi. "Usiwaambie. Nakuomba. Kikao kiko wiki hii. Nitasimama mimi, niseme kwa mdomo wangu. Nipe heshima hiyo tu, nisisemewe kama mtoto."

Fundi akampa. Mgongo uliombeba ulikuwa umeinama mbele yake, angesema nini?

Mkewe, alipoambiwa, aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Shemeji nampenda, lakini namjua. Vaa viatu, nenda kwa sheikh sasa hivi."

"Amesema atasema mwenyewe."

"Na Ijumaa zote zile alikuwa amepotelewa na mdomo?"

"Mke wangu, yule ni kaka yangu."

"Ndiyo," akasema mkewe. "Na wewe ni nani wake?"

Kikao kilifanyika baada ya alasiri, wamekaa duara kwenye mikeka, mgongo wa mwenyekiti ukiwa umeegemea nguzo. Mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya. Mwenyekiti hakuzunguka. "Bwana fundi, mvua hizo zinakuja. Ukuta umekauka?"

"Haujakauka," akasema fundi. "Lakini sababu imejulikana. Kabla sijasema mimi, kaka yangu ana neno."

Kaka alisimama. Alikuwa amevaa kanzu ile ya kwenye msumari, imefuliwa. Aliwatazama wote, akamtazama mdogo wake mwisho.

"Sina neno kubwa," akasema. "Mimi ni mtu wa ufagio. Ila kwa sababu nimeombwa kusema, nitasema. Ukuta huu ulikuwa na ugonjwa wake, ndiyo, lakini ulikuwa unavumilika. Tangu ulipokwanguliwa rangi na kuchimbwa pembeni, umezidi. Nimekuwa nikisoma mizani mwenyewe, kila Ijumaa, kijiti kinaongezeka. Huyu ni damu yangu, na inaniuma. Lakini nyumba ya Mungu ni kubwa kuliko undugu."

Akakaa. Mtu mmoja akasema, "Mzee amesema kweli." Fundi alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Kaka," akasema. "Hodhi."

"Hodhi imefanyaje?"

"Tundu. Waambie habari ya tundu."

"Tundu gani tena, mdogo wangu?" Aliuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mgonjwa mwenye homa.

Ikabidi wainuke wote waende barazani. Fundi akaingia ndani ya hodhi na kanzu yake, maji yakamfika magotini, akapapasa kwenye kona. Tundu halikuwepo. Palikuwa pamezibwa vizuri, pamesawazishwa kwa kiganja, pamesuguliwa kwa sabuni na masizi pasionekane papya. Akaomba wachote maji. Walipopunguza, rangi ikaonekana, wekundu hafifu kama ufizi wa mtoto. Ilikuwa chokaa iliyochanganywa na unga wa tofali la kuchoma, ya kukaa majini. Katika mji ule mzima aliyeichanganya hivyo alikuwa mtu mmoja tu, naye debe lake la unga huo alilihifadhi chini ya kitanda cha kaka yake.

"Hapa pamezibwa juzi juzi," akasema. "Hii ni chokaa yangu."

Mwenyekiti aliinama, akagusa kwa kidole. "Yako? Una uhakika?"

"Ndiyo. Hakuna mwingine anayeichanganya."

"Kwa hiyo," akasema mwenyekiti polepole, "tundu ulikuwa unalijua. Ukaliziba mwenyewe, kimya kimya. Na sasa umeona mambo yamekugeukia unamtupia mzee."

Mtu akacheka kwa nyuma, halafu wawili watatu. Fundi alifungua mdomo. Angesema debe lilikuwa chumbani kwa kaka, wangesema debe ni lake, aliliweka nani? Kila neno alilokuwa nalo liligeuka mkononi na kumkata yeye. Akamtazama kaka yake, angalau amwone anashusha macho. Kaka alikuwa anamtazama moja kwa moja, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Hiyo ndiyo iliyomaliza mambo. Watu walipoyaona machozi ya yule mzee walinong'ona, jamani, mdogo mtu amemliza kaka yake mbele ya watu.

"Tuyaache hayo," akasema sheikh, akihesabu tasbihi. "Hawa ni ndugu."

Wakayaacha. Ukuta ukahukumiwa.

Kabla ya wabomoaji kufika, fundi alikwenda Ijumaa ya mwisho kuchukua vijiti vyake. Hakutaka kupima. Alitaka tu kuvichomoa, maana aliona haya viangushwe pamoja na ukuta kama vitu visivyo na mwenyewe. Lakini kidole cha fundi kina akili yake. Alipochomoa cha kiuno, alikihisi. Akakaa, akatoa mizani, akatoa punje. Mwanga ukamulika begani kwake. Kaka alikuwa amekuja na tochi, kwa mazoea tu, akapiga magoti mahali pake pa kila siku, akainama kusoma.

Walikuwa kichwa na kichwa, wakipumua hewa moja.

"Kimepungua," akasema kaka kwa sauti ndogo.

Wakapima cha goti. Nacho kimepungua. Cha kifua kilikuwa kikavu mpaka kikalia kama njuga kilipoanguka kwenye sahani. Tundu lilikuwa limezibwa, na lilizibwa vizuri, kaka hakuwa mtu wa kazi mbovu. Ukuta ulikuwa umeanza kupona.

Fundi alimpelekea habari mwenyekiti dukani, vijiti mkononi. Mwenyekiti, kati ya magodoro yake, alimsikiliza kwa adabu. "Bwana fundi," akasema, "wabomoaji wameshapewa siku. Na ulisema mwenyewe, mpaka mvua. Sikiliza juu ya bati." Ilikuwa inanyesha.

Nakshi zilianguka kwa siku moja tu. Mshonaji mnene alikwenda akaokota kipande chenye kamba zilizosukwa, akamletea fundi nyumbani kimefungwa kwenye kitambaa cha suruali ya mteja. Hakufanya mzaha wowote. Alisema, "Nilidhani utakipenda," akaondoka. Ukuta mpya ukapanda, wa vigae, na haukulowa, na watu wakasema, mnaona? Ulikuwa ule ukuta mkongwe. Fundi aliuweka mwiko chini kama alivyosema. Aliuza vitunguu kidogo, akatengeneza viti vya watu, na Ijumaa alikwenda kusali msikiti wa mbali ambako hakuna aliyemjua kwa jina la Daktari.

Na hodhi je? Msikiti mpya uliwekwa mabomba. Hodhi ikavunjwa, na mabomba yakaletewa mtu wao, mwenye mgongo ulionyooka, na mtu huyo alitaka na chumba. Kaka alifika kwa fundi asubuhi akiwa na sanduku na ile kanzu mkononi. Shemeji yake alimfungulia mlango, akamtazama juu mpaka chini.

"Karibu, shemeji," akasema. "Chumba chako kikavu kabisa."

Alikaa humo miaka. Walikula sahani moja, wakaota jua upande mmoja wa uani, wakagombana juu ya redio. Mgongo ulipozidi, fundi alikuwa akimbeba kwenda bafuni. Kile kipande cha nakshi kilikaa juu ya kabati, na kaka hakuwahi kukiuliza kilikotoka.

Habari ya maji fundi alimsamehe mapema. Mtu akiogopa kukosa pa kulala, utamlaumu nini? Hata ya kikaoni aliimeza, ingawa ilishuka na miiba yake. Kilichobaki ni kimoja, nacho alimuuliza siku ile ya mwisho ya vijiti wakiwa wamepiga magoti, na kaka akazima tochi akaenda kufagia. Alimuuliza tena uani, kaka akasema jua limehama, wasogeze viti. Alimuuliza sheikh, sheikh akarudi kwenye tasbihi yake. Alimuuliza mkewe, naye akageuka kupuliza moto uliokwisha kuwaka. Na siku ya mwisho, kaka akiwa amelala ubavu, uso umeelekea ukutani, fundi aliinama sikioni mwake akamuuliza taratibu, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Kaka, Ijumaa zile, sheikh alipouombea ukuta ukauke, sauti yako ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ulipokuwa unaitikia amina, ulikuwa unamwomba Mungu nini?"